Mahali Katika Picha za Peter Lanyon

Neno mandhari limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika asili yake lina maana ya kitu kinachotazamwa. Kwa hiyo, anenapo mtu juu ya mchoraji wa mandhari, amekwisha kukubali jambo moja kabla ya kuiona picha yenyewe: kwamba nchi iko mbele na jicho liko nyuma, na kati ya viwili hivyo pana nafasi. Uchoraji wa Ulaya ulijengwa juu ya sharti hili kwa karne nyingi. Mchoraji alichagua mahali pa kusimama, akauweka mstari wa upeo wa macho, mbingu ikakaa juu na ardhi chini, na ubao wake ukawa kama dirisha. Waingereza walipata sifa kubwa katika sanaa hii, na kazi za Constable na Turner ni ushahidi wa kutosha. Walakini sharti lenyewe lilibaki pale pale: atazamaye yuko nje ya kitazamwacho.

Peter Lanyon, mchoraji wa Cornwall aliyeishi kutoka mwaka 1918 hata mwaka 1964, alilikataa sharti hilo. Picha zake huhesabiwa katika fungu la uchoraji wa dhahania, yaani uchoraji usioiga sura za vitu kama zionwavyo na macho. Watu wengi waliozitazama walidhani kuwa ameiacha nchi akafuata maumbo matupu. Kisa cha kazi yake chaonyesha kinyume. Aliziacha sura za nchi kwa sababu alitaka kuingia ndani ya nchi, na kila hatua aliyopiga katika safari hiyo ilikuwa na gharama yake.

Cornwall ni rasi iliyo mwisho wa Uingereza upande wa kusini-magharibi. Bahari imeizunguka pande zote isipokuwa mashariki, na pwani yake ya kaskazini ina magenge marefu yanayopigwa na mawimbi mchana na usiku. Watu wake waliishi kwa kazi mbili: uvuvi, na uchimbaji wa shaba na bati. Migodi mingine ilianzia juu ya genge, ikateremka, kisha ikafuata mishipa ya madini chini ya sakafu ya bahari, hata wachimbaji wakafanya kazi huku bahari iko juu ya vichwa vyao. Bei ya shaba ilipoanguka katika karne ya 19 maelfu ya wachimbaji walihama, wakaenda Amerika, Australia na Afrika ya Kusini. Wakati huo huo wageni wa namna nyingine walikuwa wakiingia. Reli ilifika mji wa St Ives mwaka 1877, na baada ya muda mfupi wachoraji wakafuata, wakapenda mwanga wa pwani, wakachora mashua, nyavu na machweo, na picha zao zikapata wanunuzi mjini London. Hivyo nchi ile ile ambayo mwenyeji aliijua kwa mikono ikawa mandhari machoni pa mgeni.

Lanyon alizaliwa St Ives tarehe 8 Februari 1918. Wengi wa wachoraji wakubwa walioupa mji huo jina katika karne ya 20 walitoka kwingine. Yeye alikuwa mwenyeji, na aliijali heshima hiyo maisha yake yote. Hata hivyo haifai kumdhania kuwa mwana wa mchimbaji. Baba yake, Herbert Lanyon, alikuwa mtu wa muziki na mpiga picha, na kijana alipelekwa kusoma Clifton College, shule ya watu wenye nafasi. Jambo hili lisisahauliwe, kwa kuwa ujuzi wa mambo ya chini ya ardhi hakuurithi. Ilimpasa kuutafuta.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Borlase Smart, mchoraji wa bahari na magenge, aliyemfundisha kuchora nje mbele ya vitu vyenyewe. Mwaka 1937 alijuana na Adrian Stokes, mwandishi na mchoraji, na kwa njia yake akawafahamu watu waliobadili mwendo wake. Vita vilipokaribia mwaka 1939, Ben Nicholson na Barbara Hepworth walihamia upande wa St Ives, na Naum Gabo, mchongaji aliyezaliwa Urusi, akawafuata. Nicholson alimfundisha Lanyon kuyapima maumbo na kuyapatanisha. Gabo alimpa fundisho lililozama zaidi. Sanamu za Gabo zilifanywa kwa vitu vipitishavyo nuru, hata mtu akaweza kuona ndani na nje ya umbo kwa mara moja. Kijana alitambua kuwa nafasi, ile ambayo watu huidhani kuwa utupu baina ya vitu, ni kitu kinachoweza kufinyangwa.

Mwaka 1940 aliingia katika jeshi la ndege la Uingereza akiwa fundi wa mitambo, akatumikia Afrika ya Kaskazini, Palestina na Italia. Baada ya vita alirudi kwao, akamwoa Sheila Browne mwaka 1946. Mwaka 1949 alikuwa mmoja wa walioanzisha Penwith Society, chama cha wasanii wa St Ives. Mwaka uliofuata alijitoa. Chama kilikuwa kimewagawa wanachama wake katika mafungu, wanaochora sura za vitu huku na wanaochora dhahania kule, na kila mtu alitakiwa kuwa na fungu lake. Huenda mtu akaona kuwa hayo ni magomvi madogo ya mji mdogo. Kwa Lanyon yalikuwa makubwa, kwa sababu alitakiwa kujibu swali ambalo kazi yake yote ilikuwa ikilikanusha: je, unachora nchi, au unachora maumbo?

Msomaji wa Kiswahili anacho chombo kizuri cha kulielewa kanusho hilo, nacho kimo katika sarufi ya lugha yake. Mahali, katika Kiswahili, hapana namna moja. Mtu husema: nyumbani pale pana watu, nyumbani kule kuna watu, nyumbani mle mna watu. Nyumba ni ile ile na watu ni wale wale, lakini pa huonyesha mahali palipo dhahiri, panapoweza kuelekezwa kidole. Ku huonyesha upande au eneo lisilo na mpaka maalum. Na mu huonyesha undani. Mchoraji aliyesimama juu ya kilima na kuitazama bonde anaijua nchi kwa pa tu. Lanyon alitaka picha moja iweze kusema yote matatu.

Njia yake ya kazi ilitokana na haja hii. Hakuanza na burashi. Alianza na miguu. Alipochagua mahali alipazunguka kwa siku nyingi, akipanda na kuteremka, kwa miguu, kwa baiskeli na kwa gari. Alisimama ukingoni mwa genge, akalala kifudifudi penye ncha yake, akachungulia chini, na ile hofu ya kimo imshikayo mtu mahali kama hapo aliihesabu kuwa sehemu ya maarifa yake. Njiani alichora michoro mingi: mmoja kutoka juu, mwingine kutoka ubavuni, wa tatu kutoka ndani ya bandari au chini ya mwamba. Michoro hii haikukubaliana, wala hakutaka ikubaliane. Kisha aliunda viunzi vidogo vya kioo, plastiki na mbao, akavitia rangi, akavigeuza mkononi na kuvitazama pande zote. Hapo mwanzo hakuvihesabu viunzi hivyo kuwa kazi za kuonyeshwa. Vilikuwa vyombo vya kufikiria, mfano wa kielelezo ambacho fundi wa jahazi hukiunda kabla ya kukata mbao. Kwavyo alijua jinsi upande mmoja wa mahali unavyoshikamana na upande mwingine ambao jicho haliuoni.

Baada ya hayo ndipo ulipokuja ubao mkubwa na rangi. Alipaka, akakwangua, akapaka tena, hata tabaka za rangi zikawa kama tabaka za nchi iliyolimwa na kuchimbwa. Kazi ngumu ilikuwa kuupata mpango utakaobeba safari nzima ya mwili mahali pale, bila ya kuifanya picha kuwa ramani na bila ya kuifanya fumbo lisilofumbuka.

Tunda la kwanza kubwa la njia hii ni picha iitwayo Porthleven, ya mwaka 1951. Baraza la sanaa la Uingereza lilikuwa limewaalika wachoraji kufanya kazi kubwa kwa ajili ya sherehe za taifa za mwaka huo, na Lanyon akachagua bandari ya wavuvi iliyo katika pwani ya kusini ya Cornwall. Picha ina urefu wa karibu sentimita 245 na upana wa sentimita 122, yaani imesimama wima kama mlango. Umbo hilo peke yake ni ukaidi, kwa maana desturi ya mandhari ni kulala. Mtazamaji hapati upeo wa macho. Bandari imesimamishwa, maji ya ndani na maji ya nje yamepandana, kuta za gati zimepinda kuyazunguka, na mnara wa saa umo, ingawa haukukaa kama ungekaa katika kadi ya posta. Macho hulazimika kutembea, kupanda, kugeuka na kurudi, kama afanyavyo mtu aliyeko bandarini akitafuta njia. Mahali pamoja pameonwa kutoka pengi, na hao walioonwa kuwa watu wengi ni mtu mmoja katika nyakati mbalimbali.

Lakini bandari iko juani, na kila atakaye aweza kuizunguka. Jaribio gumu zaidi lilikuwa St Just, wilaya ya migodi karibu na ncha ya rasi. Huko uko mgodi wa Levant, uliopita chini ya bahari. Wachimbaji wake walipandishwa na kuteremshwa kwa mtambo wa ajabu: mti mrefu uliosimama ndani ya shimo, ukivutwa juu na kushushwa na injini ya mvuke. Juu ya mti huo palikuwa na vidato, na katika ukuta wa shimo vibaraza. Mchimbaji alipanda kidato, akainuliwa, akahamia kibarazani, akangoja kidato kingine, na hivyo hivyo hata akafika juani. Tarehe 20 Oktoba 1919, zamu ilipokuwa ikipanda, kiungo cha chuma kilichoushika mti huo juu kilivunjika. Mti ukaporomoka pamoja na watu. Wakafa watu 31. Lanyon alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi. Alikua katika nchi ambayo msiba huo ulikuwa ukisimuliwa majumbani.

Je, mchoraji wa mandhari angeuchoraje msiba huu? Juu ya ardhi hapakuwa na kitu cha kuonyesha ila mashamba mabichi, kuta za mawe na majengo ya injini. Uzuri wa mahali ulikuwa kifuniko cha yale yaliyotendeka chini yake. Picha iitwayo St Just, iliyomalizika mwaka 1953, inalijibu swali hili. Ubao wake pia umesimama wima. Rangi ya majani imeujaza, na katikati, kutoka juu hata chini, umepita mfereji mweusi: shimo la mgodi. Mistari inayoukata ule weusi kwa mapana yaufanya uwe msalaba, na kileleni mna mikwaruzo kama ya seng'enge, ikumbushayo taji ya miiba. Mchoraji mwenyewe aliihesabu picha hii kuwa ya kusulubiwa. Hapana mtu aliyechorwa ndani yake, wala jeneza, wala mjane. Hata hivyo mashamba yamepasuliwa katikati, na yeyote asimamaye mbele yake hawezi tena kuutazama ukijani ule bila ya kukutana na weusi ulio ndani. Hii ndiyo mu ya sarufi, mahali pajulikanapo kutoka ndani. Na hapo ndipo ionekanapo sababu ya Lanyon kuziacha sura za vitu. Sura za vitu zilikuwa upande wa wenye kutazama. Wafu walikuwa upande wa pili.

Mwaka 1957 alifanya maonyesho yake ya kwanza mjini New York, akakutana na wachoraji wa Marekani waliokuwa wakitumia mbao kubwa mno na rangi zilizoachiliwa huru. Mmoja wao, Mark Rothko, alimtembelea Cornwall mwaka uliofuata. Baada ya safari hiyo burashi ya Lanyon ilipanuka, rangi zake zikawa nyepesi na mwendo wake ukawa wa kasi. Alichojifunza huko kilikuwa namna ya kusema. Jambo la kusema alikuwa nalo tangu zamani. Picha ya mwaka 1959 iitwayo Lost Mine, yaani mgodi uliopotea, yaonyesha hayo: weusi, wekundu na samawati vimerushwa kwa nguvu za mtindo mpya, lakini habari yake ni ile ile ya zamani, bahari kuingia machimboni.

Mwaka huo huo wa 1959 alianza kujifunza kurusha ndege isiyo na injini, katika uwanja ulio juu ya magenge ya Perranporth, na mwaka 1960 akaruka peke yake kwa mara ya kwanza. Wapo wanaoyaeleza haya kama burudani ya mtu aliyekwisha kupata jina. Ukiifuata njia yake ya kazi utaona kuwa ni hatua ya lazima. Alikwisha kuizunguka nchi na kuingia ndani yake. Palibaki pale juu, pasipo na kingo wala sakafu. Rubani wa ndege ya namna hii hana nguvu yake mwenyewe. Jua huipasha ardhi moto, hewa iliyo juu ya ardhi hiyo hupanda, na rubani huizunguka hewa ile kama mwewe, bila ya kupiga bawa, akipanda pamoja nayo. Akitoka ndani yake, huanza kushuka. Vilevile upepo wa baharini ukipiga genge hugeuka kwenda juu, naye huupanda. Mambo haya yote hayaonekani kwa macho. Rubani huyajua kwa kiti chake, kwa mikono yake na kwa tumbo lake, kama nahodha ajuavyo kwa usukani mkondo asiouona.

Katika Thermal, picha ya mwaka 1960, Lanyon alijaribu kuichora hewa hiyo inayopanda. Weupe na samawati vimetawala, mapigo mapana ya burashi yanapinda na kuinuka, na hapana mahali pa kukanyaga. Mtazamaji hajui kama yuko juu, chini au kando. Ajua tu kwamba kitu kinamwinua. Kama Porthleven ni pa na St Just ni mu, basi hii ni ku: huko, eneo lisilo na ukuta, ambalo hata hivyo lina sheria zake, na lina adhabu kwa asiyezijua.

Hapa yafaa kusikiliza shutuma ambayo picha hizi zimeipata, kwa kuwa si ya kipuuzi. Husemwa kwamba mtu asiyeambiwa jina la picha hawezi kujua kuwa weusi ule ni mgodi. Na kwamba mchimbaji wa St Just, ambaye msiba ni wake, angeipita picha yake mwenyewe bila kuitambua. Sehemu ya shutuma hii ni kweli. Picha za Lanyon zinahitaji habari kama vile shairi la kale linavyohitaji mtu wa kueleza tukio lililolizaa. Lakini mwenye kushutumu hana budi kujibu swali la upande wa pili: picha iliyochorwa kwa sura zinazotambulika ingemwambia nini huyo mchimbaji? Ingemwonyesha jengo la injini juu ya genge, bahari nyuma yake na wingu zuri juu yake, yaani kile alichokiona mgeni. Giza la shimo, uzito wa bahari kichwani na kidato kinachotetemeka chini ya mguu havina sura ya kuigwa. Vinaweza kutiwa tu katika mwendo, katika uzito wa rangi na katika mpasuko wa umbo. Hasara ya Lanyon ni kwamba hatambuliwi upesi. Faida yake ni kwamba hakumdanganya mtu kuwa nchi imekwisha kujulikana kwa kutazamwa.

Wenyeji wake hawakukosa kumwelewa. Mwaka 1961 baraza la malenga wa Cornwall, liitwalo Gorsedd, lilimpokea kuwa mmoja wao na kumpa jina katika lugha ya kale ya nchi hiyo: Marghak an Gwyns, maana yake Mpanda Upepo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 27 Agosti 1964, alipata ajali katika ndege yake huko Dunkeswell, Devon. Akafa hospitalini Taunton tarehe 31 Agosti, naye ana umri wa miaka 46, akazikwa Lelant, karibu na mji alimozaliwa. Si haki kusema kwamba aliuawa na sanaa, maana wengi huruka bila ya kuchora na hupatwa na mkasa ule ule. Yatosha kusema kwamba alikataa kuchora kimo asichokipanda.

Baada ya kufa kwake nchi aliyoichora ilibadilika kwa namna inayoipa kazi yake uzito mpya. Mgodi wa mwisho wa bati katika Cornwall, South Crofty, ulifungwa mwaka 1998. Mwaka 2006 maeneo ya migodi, pamoja na yale ya St Just, yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na leo wageni huyaendea majengo ya injini kwa matembezi na kupiga picha juu ya magenge. Watu waliojua undani wa mashimo kwa miili yao wamekuwa wachache, na kila mwaka wanazidi kupungua. Yaani nchi ile sasa imekuwa mandhari kweli kweli, kitu cha kutazamwa, kuliko ilivyokuwa wakati wowote. Katika hali hiyo picha za Lanyon, zilizodhaniwa kuwa zimeikimbia nchi, zimekuwa miongoni mwa mashahidi wake. Mgeni atokaye gengeni akaingia katika jumba la sanaa na kusimama mbele ya St Just huuona ukijani ule ule aliouacha nje, na katikati yake huuona mlango mweusi ambao huko nje umekwisha kuzibwa.